Isale Ndani ya Bahasha

Fomu ya mfanyakazi anayeondoka niliitunga mimi mwenyewe, na mpaka leo nikiikumbuka naona aibu. Ilikuwa ukurasa mmoja. Juu ilikuwa na nembo ya kiwanda, ng'ombe anayecheka, na katikati swali: Kwa nini unaacha kazi? Chini ya swali niliweka visanduku vitano vya kutia alama ya vema: mshahara, masomo, afya, familia, mengineyo. Bosi aliipenda sana. Alisema sasa tumekuwa kiwanda cha kisasa.

Kiwanda chenyewe kilikuwa cha maziwa, kidogo tu, ukitoka Moshi mjini kabla hujafika Kiboriloni. Maziwa yalishuka asubuhi kwa pikapu kutoka kwa akina mama wa huko juu mlimani, sisi tukayageuza mtindi na kuusambaza kwenye mahoteli na maduka. Mimi nilikuwa afisa rasilimali watu. Jina kubwa, kazi ndogo: kuandika barua ambazo bosi hakutaka zionekane zimetoka kwake.

Watu waliondoka, jamani. Waliondoka mpaka mlinzi akawa hawaulizi tena wanakwenda wapi na mizigo. Dereva mmoja aliacha akaenda Chekereni kulima mpunga. Nilipompa fomu alicheka, akasema mpunga hauna kikao cha saa moja asubuhi cha kuambiwa hujitumi. Dada wa mapokezi alihamia Himo kuuza nguo za mitumba, na siku nilipokutana naye alikuwa amenenepa na ana raha zake. Wote walitia vema kwenye "familia." Nani atakuandikia ukweli kwenye karatasi atakayoisoma mtu anayemkimbia?

Bosi akaona kuna tatizo. Si kwamba aliliona mwenyewe, thubutu! Alilisikia kwenye semina Arusha, siku tatu hotelini, mada ikiwa namna ya kuwabakiza wafanyakazi. Alirudi na begi la kitambaa, kalamu, na neno moja jipya: familia. "Sisi hapa ni familia," alituambia, na tangu siku hiyo hatukupumzika. Likaletwa sanduku la maoni lenye kufuli. Maoni mawili ya kwanza aliyasoma mbele yetu kwa sauti, huku akituangalia mmoja mmoja ajue mwandiko ni wa nani. Ya tatu hayakuja. Ukatundikwa ubao wa Mfanyakazi Bora wa Mwezi, na mwezi wa kwanza picha iliyokaa pale ilikuwa ya mdogo wa mke wake. Zikaja fulana. Ikaja keki ya siku ya kuzaliwa, vipande vidogo hata mtoto wa chekechea angeona ametaniwa. Kisha vikaja vikao vya Jumamosi vya kujengana, ambapo watu wazima, akina mama wenye wajukuu, walishikana mikono kwenye duara na kutaja kitu kimoja wanachokipenda kuhusu kiwanda. Jumamosi, siku ambayo kila mtu ana soko lake na majani ya ng'ombe wake! Mama mmoja wa usafi zamu yake ilipofika alisema anapenda geti. Alimaanisha geti lenyewe, na sisi wote tulielewa.

Nami nilikuwa nasimama katikati ya duara lile na karatasi yangu, nasema, "Safi sana, nani anafuata?" Sijitoi. Nikimcheka yeye, najicheka na mimi.

Kwenye kiwanda chote kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye kweli tulimhitaji, na kila mtu alijua isipokuwa bosi. Alikuwa mama wa makamo ya kuelekea uzeeni, Mlutheri wa huko juu upande wa Marangu, aliyepika mtindi pale tangu enzi za baba yake bosi, mzee aliyekianzisha kiwanda. Mashine ya kupimia maziwa tulikuwa nayo, lakini yeye alionja kwanza. Aliweka tone mgongoni mwa mkono, akalamba, akasema, "Huyu leo amelishwa magugu ya bondeni," au, "Hili dumu limekutana na mto njiani," na mashine ikaja baadaye kukubaliana naye. Marehemu mzee alikuwa na mazoea ya kupita kwake kila asubuhi kabla hajaingia ofisini. Anamsalimia, anaonja mtindi wa jana, wanabishana kidogo, anaondoka. Ndiyo hivyo tu. Hakuwa na fulana wala keki, na nasikia katika miaka yake waliokuwa wakiondoka ni wale waliostaafu.

Huyu mwanawe alipita mlango ule mara moja, siku ya kupiga picha za tovuti.

Mwaka ule yule mama alikuwa na mjukuu wa kupokea kipaimara kanisani.  Asiyejua kipaimara ni kitu gani huko juu, huyo hajakaa nasi. Ng'ombe anachinjwa, mbege, pombe yetu ya ndizi, inapikwa wiki nzima, ndugu wanatoka Dar na Mwanza, na mtoto anatembea mbele ya kanisa na nguo nyeupe huku waliomlea wakisimama nyuma yake. Mjukuu huyu yule mama alimlea mwenyewe tangu ananyonya, maana mama yake alifariki. Aliomba siku nne. Aliomba miezi miwili kabla, kwa maandishi, mwandiko wake mzuri wa shule ya zamani.

Bosi akasema hapana. Jumapili ile ile ya kipaimara kulikuwa na ugeni mzito kutoka Dar, watu waliotaka kushirikiana nasi, na lazima wamkute mpishi wa mtindi kazini. Nikamwambia, "Bosi, ni kipaimara." Akasema, "Niandikie barua nzuri." Nikaandika. Ombi lako halikukubaliwa kutokana na mahitaji ya uzalishaji. Tunathamini mchango wako kama mwanafamilia. Nikaisaini jina langu, nikapiga na muhuri, nikampelekea mikononi. Alisoma taratibu, akaikunja, akaiweka kwenye mfuko wa aproni. Akasema, "Haya, mwanangu."

Jumapili ile alikuja kazini. Alisimama mlangoni na aproni nyeupe tangu asubuhi, akisubiri wageni, na wageni hawakuja. Walipiga simu saa nane kusema wameahirisha. Bosi hakuwepo kupokea simu, maana bosi alikuwa amealikwa kwenye kipaimara cha mtoto wa rafiki yake. Picha zilianza kuingia kwenye simu za watu jioni ile. Alikuwa amekaa kiti cha mbele na suti ya buluu, anapiga makofi, na nyuma ya bega lake, kanisa lile lile, ibada ile ile, alisimama mjukuu wa mama yetu na nguo nyeupe. Nyuma ya mtoto alisimama jirani.

Jumatatu asubuhi yule mama aliingia ofisini kwangu. Aproni ilikuwa imefuliwa na kupigwa pasi. Aliiweka mezani.

"Niliona picha," akasema.

Nikamsukumia fomu. Ndiyo, nilimsukumia fomu, mimi huyu! Mkono ulijiendea wenyewe kwa mazoea. Aliitazama, akanitazama, akaondoka bila kutia vema popote.

Wiki ya kwanza mtindi ulijitenga, maji juu, mabonge chini. Wiki ya pili ulikuwa mchungu. Bosi alimwajiri mtaalamu mwenye vyeti, mtu mpole kabisa, aliyepima kila kitu na kuandika kila kitu, na mtindi ukaendelea kuharibika kwa kumbukumbu nzuri. Mahoteli yakaanza kuturudishia ndoo zikiwa hazijafunguliwa. Hapo bosi akaniita.

"Mrudishe yule mama," akasema. "Jumatatu nimkute hapa. Usipomrudisha, basi sijui wewe una kazi gani hapa, maana watu ndiyo idara yako."

Nilikuwa na mama mgonjwa wa miguu nyumbani na wadogo wawili shuleni. Kazi ile niliihitaji, na yeye alijua. Nikamwambia labda angepanda mwenyewe akaongee naye, aseme amekosa, wazee wa kwetu husikilizana. Alinitazama kama nimemwambia avue viatu. Kisha uso ukamfunguka. Akasema, "Subiri. Nimepata."

Baada ya nusu saa aliniita tena. Mezani kulikuwa na bahasha ya kiwanda, ile yenye ng'ombe anayecheka, imefungwa kwa pini mbili.

"Humu nimeweka isale," akasema, akitabasamu. "Yule ni mtu wa kule juu. Hawezi kukataa isale."

Yesu na Maria! Nilikosa pa kuangalia. Sisi Wachagga tuna jani hili, isale, jani refu la kijani tunalolipanda kwenye mipaka ya vihamba, mashamba yetu ya ukoo, na kwenye makaburi ya wazee. Ukimkosea mtu kosa la kuumiza, unakwenda kwake na isale. Akiliona, amefungwa, hata kama ulimwaga damu ya nduguye, atapokea na atasamehe. Ndiyo maana si kitu cha mchezo. Linakatwa nyumbani kwako, kwenye mpaka wako, na unalipeleka mwenyewe mkononi, wazi, watu wakuone. Ukiwa umekosa kiasi kwamba huwezi kuonyesha uso, unamtuma mzee anayeheshimika akutangulie. Bosi wetu alilikata wapi? Kwenye bustani ya maua pale getini, walikopanda mafundi wa bustani kwa ajili ya urembo. Na kwa kuwa halikuenea kwenye bahasha, alilikunja mara mbili.

"Bosi," nikasema, "isale hupelekwa na mwenyewe."

"Wewe si unaniwakilisha? Mimi nina kikao."

Mswahili wa pwani asingefanya vile, asingelijua jani. Mzungu asingefanya vile. Ilihitajika Mchagga aliyekulia mjini, aliyesikia habari za isale mezani kwa baba yake na kubakiza kichwani sehemu moja tu: kwamba haliwezi kukataliwa.

Nilipanda Ijumaa. Nilimkuta yule mama nyuma ya banda anakatakata migomba ya kumpa ng'ombe. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akanawa mikono, akaniletea kigoda. Aliniuliza hali ya mama yangu, nikajibu, akaniuliza ya wadogo zangu, nikajibu. Bahasha ilikuwa mkobani na nilitamani ipotee humo. Mwishowe nikaitoa.

Aling'oa pini moja moja, kwa uangalifu, akaziweka pembeni ng'ombe asije akazila. Akatoa jani. Alipoona ni nini akalipokea upya kwa mikono miwili, maana ndivyo linavyopokelewa. Akalilaza kwenye paja na kulinyoosha mikunjo kwa kiganja, lakini halikunyooka.

"Limekunjwa," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Limetoka wapi?"

"Getini."

Akatikisa kichwa. Nilidhani atatukana, mimi ningetukana. Akasema, "Mwambie nimemsamehe."

Nikahema. Nakiri nilifurahi, na furaha yenyewe ilikuwa ya kibarua changu. Nikauliza, "Kwa hiyo, mama, Jumatatu tukutumie pikapu?"

"Ya nini?"

"Si umelipokea?"

"Nimelipokea. Isale ni la kusamehe, mwanangu, si la kuajiri. Jumatatu namkatia ng'ombe majani."

Alinyanyuka, nami nikanyanyuka. Nilikuwa nimekwisha kuaga aliposema, kwa sauti ile ile ya kuulizia wadogo zangu, "Hili ni lake. La kwako liko wapi? Barua niliisoma mpaka chini. Jina lake halikuwepo."

 Niliteremka njia nzima nikiiona saini yangu.

Nilimkuta bosi ofisini, nikamwambia amesamehewa. Alipiga meza kwa kiganja. "Nilikwambia mimi! Anaanza saa ngapi?" Nikamwambia harudi. Akakunja uso, akasema haiwezekani, amepokea isale. Nikamweleza alivyosema mama. Na hapo, aisee, yule bwana alikasirika kikweli. Alisema mama anavunja mila. Alisema watu wa siku hizi hawaheshimu mila, ndiyo maana nchi haiendelei. Akaniambia nifikirie kuandaa semina ya mila kwa wafanyakazi, Jumamosi. Nimewahi kuwadharau watu maishani, lakini huyu nilimdharau mpaka nikasikia njaa.

"Jumatatu bado ipo," akasema nilipokuwa natoka. "Na wewe unajua."

Jumapili, baada ya misa, nilikwenda kwenye mpaka wa kihamba chetu na kisu. Mama yangu alikuwa amekaa kibarazani na miguu yake kwenye stuli. Aliponiona nakata isale alishtuka.

"Umemkosea nani?"

Nikamweleza yote, na barua, na muhuri, na fomu. Nilimwambia pia kwamba kazi huenda ikaisha kesho. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kata lile la pembeni, lile la upande wa babu yako. Ni zuri zaidi."

Nililibeba mkononi. Hakuna mtu aliyenieleza mbeleni njia ile inavyokuwa. Kuanzia kituo cha magari mpaka kwake ni mwendo wa kutembea, na kila niliyepishana naye aliliona jani na akajua. Vijana waliokuwa wanataniana kwenye kijiwe cha bodaboda walinyamaza. Mzee mmoja alivua kofia akanipisha. Wanawake waliokuwa wanatoka kanisani na vitabu vyao vya nyimbo walitazama pembeni, kwa heshima, nisione wananiangalia. Uso uliniwaka moto. Mara mbili nilitaka kulificha chini ya kanga. Hapo ndipo nilipoelewa bahasha ile ilikuwa ya kazi gani. Bosi alitaka kila kitu cha isale isipokuwa njia.

Yule mama aliniona tangu mbali. Hakunifuata, alisimama mlangoni akasubiri nifike. Nikampa kwa mikono miwili, nikasema, "Mama, nilijua ni kipaimara, na nikaisaini." Nilikuwa nimeandaa maneno mengi zaidi ya hayo, yakagoma.

Alilipokea. Aliligeuza akatazama pale nilipolikata, bado pabichi. "Hili limetoka nyumbani," akasema. Akaliweka juu ya kabati, chini ya picha ya kipaimara, ile ambayo jirani amesimama mahali pa bibi. Nikaiona, nikalia, tena kwa sauti, kama mtoto. Hakunibembeleza. Aliniacha nilie nikamaliza, kisha akanimiminia mtindi kutoka kwenye kibuyu chake. Nilikunywa vikombe viwili. Mtindi wa namna ile hautatoka tena kwenye kiwanda kile, hata waajiri chuo kizima.

Sikumwomba arudi. Sijui kama aliliona hilo, lakini aliponisindikiza alinifungia ndizi za kumpelekea mama.

Jumatatu niliwahi. Nilitoa fomu moja kwenye droo, fomu yangu, nikaijaza. Kwa nini unaacha kazi? Nikatia vema kwenye "mengineyo," na mbele yake nikaandika: Nilisaini barua. Nikaipeleka.

Bosi aliisoma mara mbili. "Barua gani?" akauliza. Hakuwa anajifanya. Alikuwa kasahau kabisa.

Kisha akanionea huruma, niliiona huruma yenyewe ikimjia usoni. Akasema basi yaishe, alikuwa amenisukuma sana, sisi ni familia. Akavuta droo ya chini ya meza yake. Humo ndani kulikuwa na bahasha za ng'ombe anayecheka zimepangwa safi, zote zimeshafungwa kwa pini, zote zimetuna katikati. Nikakumbuka kwamba wakati naingia getini niliona bustani imekatwa mpaka chini, nikadhani ni mbuzi.

Alichukua ya juu, akaninyooshea.

Ni jani tu, lakini mimi ni mtu wa kule juu. Niliweka mkoba chini, nikaipokea kwa mikono miwili, nikamwambia nimemsamehe. Akatabasamu, akaniuliza kama ninaweza kuwaita wengine waje mmoja mmoja.

Nikachukua mkoba wangu, nikatoka getini.